Homoni ya Leo, Presha ya Mwezi wa Saba

Hotuba kwa vikundi vya akina mama na waume zao, Kondele, Kisumu

Oyawore uru, mulembe, hamjambo nyote.

Nawashukuru viongozi wa vikundi kwa kuniita, na nawashukuru hasa akina baba mliofika. Mko wachache na mmekaa nyuma karibu na mlango, lakini mmekuja, na najua si rahisi kwa mwanamume kuonekana kwenye mkutano wa watu wanaotafuta mtoto. Tafadhali sogeeni mbele. Nitakayosema yanawahusu.

Mimi ni mkunga. Kwa miaka mingi nimezalisha, na sasa nafanya kazi na watu wanaotafuta mtoto. Katika kliniki ya uzazi mama anapewa vidonge na sindano, kipimo kinatoka na mistari miwili, watu wanakumbatiana, faili linafungwa. Miezi michache baadaye mama kama huyo analetwa wodini usiku, uso umevimba, kichwa kinamgonga, presha imepanda, na wauguzi wa zamu hawajui kabisa mimba ile ilipatikanaje. Kitabu chake cha Mama na Mtoto hakisemi lolote. Yeye mwenyewe hasemi, kwa sababu mama mkwe amesimama pale pale kando ya kitanda na hajui kwamba mtoto alitafutwa hospitalini.

Hilo ndilo lililonileta. Dawa zinazoleta mimba kazi yake haiishi siku mimba inapoingia. Aina ya homoni, kiasi chake, na njia iliyotumika kuiingiza mwilini huchangia kuamua kama utabeba mtoto mmoja au watatu, kama mimba itakaa au itatoka, kama presha itakupata mwezi wa saba wa mimba. Swali la "nitashika lini?" ni la haki, na sitamlaumu hata mmoja anayeliuliza, maana najua maneno mnayoambiwa huko nyumbani. Ila nataka leo mtoke hapa na swali la pili: "Na nikishika kwa dawa hii, mimba itafikaje mwisho?"

Kabla ya homoni, nizungumzie mirija, kwa sababu huku kwetu wengi wanakunywa homoni ambazo haziwezi kuwasaidia. Katika Afrika kusini mwa Sahara, sababu kubwa ya mwanamke kukosa mimba ni mirija ya uzazi iliyoziba kwa maambukizi: kisonono au klamidia ambayo haikutibiwa, au maambukizi baada ya kujifungua au baada ya mimba kutoka. Mama wa namna hiyo yai lake linapevuka vizuri kila mwezi, lakini halina njia ya kukutana na mbegu. Ukimpa vidonge vya kupevusha mayai mwaka mzima hujamgusa alipougua. Tena kama mrija umeziba nusu, mimba inaweza kunasa humo humo, na mrija ukipasuka mama anavuja damu ndani ya tumbo. Wapo wanaonunua klomifeni kwa kemisti kwa sababu shemeji alitumia akapata. Shemeji alikuwa na shida yake. Wewe kwanza pigwa ile picha ya eksirei inayoonyesha kama mirija iko wazi, na mume apimwe mbegu wiki hiyo hiyo, asisubiri mke amalize vipimo vyote ndipo yeye akumbukwe. Akina baba, mnanisikia. Kipimo cha mbegu ni cha bei ya chini kuliko karibu kila kitu kingine nitakachokitaja leo.

Mwanamke wa kwanza duniani kuzaa kwa njia ya IVF, yaani yai na mbegu kukutanishwa nje ya mwili, Lesley Brown wa Uingereza, alikuwa na shida hiyo hiyo ya mirija. Binti yake, Louise, alizaliwa Oldham tarehe 25 Julai 1978. Jambo ambalo halisimuliwi sana ni kwamba watu waliomtibu, yaani Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy, walikuwa wamewapa wanawake waliotangulia homoni za kupevusha mayai mengi, na mimba zikawa hazikai. Mwishowe wakaziacha homoni hizo. Louise alitokana na yai moja tu ambalo mwili wa mama yake ulilipevusha wenyewe. Sisemi turudi huko. IVF ya leo, pamoja na ile iliyotupatia watoto wa kwanza wa Kenya pale Nairobi mwaka 2006, inategemea homoni, na bila homoni wengi wenu msingepata nafasi yoyote. Ninachosema ni kwamba watu hao walijifunza mapema kuwa dawa inayokupa mayai mengi inaweza kuharibu mahali mtoto anapotakiwa kukaa.

Sasa tuje kwenye vidonge, maana hapo ndipo wengi wetu huanzia.

Klomifeni imetumika tangu miaka ya 1960. Huuzuia ubongo usiitambue estrojeni, homoni ya kike iliyo mwilini. Ubongo ukidhani estrojeni imepungua, hutoa kwa wingi homoni ya FSH, na FSH hulikuza yai. Tatizo ni kwamba klomifeni haiishii ubongoni. Inauzuia pia utando wa ndani wa mji wa mimba, na utando huo unaihitaji estrojeni ili unenepe. Isitoshe, hukaa mwilini kwa wiki kadhaa. Basi unakuta mama yai limepevuka sawasawa, lakini utando ni mwembamba na kiinitete, yaani yai lililokwisha kukutana na mbegu, hakipati pa kushika vizuri.

Letrozoli ilitengenezwa kwa ajili ya saratani ya matiti. Akina mama wengi wanasoma karatasi iliyomo ndani ya pakiti, wanaona neno saratani, wanarudisha dawa wakitetemeka. Nawaelewa, na daktari anayekupa dawa hiyo bila kukueleza hilo mapema hajakutendea haki. Letrozoli haizuii chochote kwenye mji wa mimba. Inapunguza tu utengenezaji wa estrojeni kwa siku chache, ubongo unaongeza FSH, yai linakua, kisha dawa inatoka mwilini haraka na estrojeni inarudi kuunenepesha utando. Mara nyingi linapevuka yai moja. Mwaka 2005 kulizuka hofu kwamba inaleta watoto wenye kasoro, lakini utafiti mkubwa uliofuata haukuona kasoro zaidi kuliko kwa waliotumia klomifeni.

Je, tofauti hiyo inaonekana kwenye watoto wanaozaliwa? Inaonekana. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani walitangaza matokeo ya wanawake 750 wenye hali ya ovari zenye vifuko vingi, hii mnayoijua kwa herufi PCOS, ambao hedhi zao huja zinapotaka. Wote walitibiwa hadi mizunguko mitano ya hedhi, wengine kwa klomifeni, wengine kwa letrozoli. Waliopata mtoto hai kwa letrozoli walikuwa asilimia 27.5, kwa klomifeni, asilimia 19.1. Ndiyo maana leo mwongozo wa kimataifa wa PCOS unaitaja letrozoli kuwa ya kwanza.

Lakini ngojeni, msikimbilie kemisti. Mwaka uliofuata, 2015, nchini humo humo, walifanyiwa utafiti wenzi 900 ambao hedhi ilikuwa sawa, mirija wazi, mbegu nzuri, na bado mtoto hakuwepo. Kwa hao letrozoli haikuongoza. Waliozaa walikuwa asilimia 18.7 kwa letrozoli, asilimia 23.3 kwa klomifeni, na asilimia 32.2 kwa sindano za gonadotropini, yaani homoni za kukuza mayai zinazochomwa moja kwa moja. Dawa ni zile zile, wagonjwa ni wengine, na mpangilio umegeuka. Ukisikia mtu anasema "hii ndiyo dawa nzuri ya mimba" bila kukuuliza hedhi yako ikoje, mirija ikoje na mume wako amepimwa nini, mshukuru uondoke.

Na asilimia hiyo 32.2 ya sindano inavutia, najua. Naona dada mmoja ameiandika. Basi andika na hii chini yake: katika utafiti huo huo, kati ya mimba zilizopatikana kwa sindano, asilimia 32 zilikuwa za zaidi ya mtoto mmoja. Kwa klomifeni zilikuwa asilimia 9, kwa letrozoli asilimia 13, na hizo zote za vidonge zilikuwa pacha wawili. Kwa sindano, mimba 10 zilikuwa za watoto watatu.

Huku kwetu pacha tunawapokea kwa nyimbo, iwe kwa Wajaluo au kwa Waluhya, na mtu aliyekaa miaka bila mtoto akiambiwa ni wawili anaona Mungu amemlipa madeni yote. Mimi huimba naye. Lakini nimekaa nasari ya watoto wachanga, na lazima niseme. Zaidi ya nusu ya pacha huzaliwa kabla ya wiki 37. Watatu, kwa wastani, huzaliwa karibu wiki ya 32, mapafu yakiwa bado hayajakomaa. Mama wa pacha presha humpata kwa urahisi zaidi, damu humpungukia zaidi, na akijifungua hutokwa damu zaidi. Hapa kando ya ziwa tuna malaria mwaka mzima, na malaria nayo inamaliza damu. Mjumlishe wenyewe. Kisha ongezeni umbali wa kutoka visiwa vya Mageta au Rusinga hadi kwenye hospitali yenye nasari yenye nafasi.

Kwa hiyo anayechomwa gonadotropini apigwe skani mara kwa mara kuhesabu mayai yanayokua. Yakionekana matatu au manne makubwa, na hamko kwenye IVF ambako mayai hutolewa nje, mwezi huo uachwe. Msikutane, au mtumie kondomu. Pesa zimekwenda, sindano zimechomwa, siku zimehesabiwa, na daktari anasema acheni. Inauma sana. Nawaomba msimkasirikie daktari huyo wala msimtoroke kwenda kwingine. Mwenye kutiliwa shaka ni yule anayekuchoma sindano hizo bila hata skani moja.

Kuhusu ovari kuvimba kupita kiasi baada ya sindano nitapita upesi, kwa sababu siku hizi inaweza kuepukwa kwa sehemu kubwa. Anayekabiliwa zaidi na hatari hiyo ni mwanamke kijana, mwembamba, au mwenye PCOS, ambaye ovari zake hutoa mayai mengi. Kinachowasha moto mara nyingi ni sindano ya mwisho ya hCG, ile ya kukomaza mayai, kwa sababu hudumu mwilini kwa siku nyingi. Ipo njia ya kutumia homoni nyingine ya kukomaza isiyodumu, kisha viinitete vyote vikagandishwa na kusubiri mwezi mwingine. Muulize daktari kama unaihitaji. Tumbo likijaa maji, mkojo ukipungua, pumzi ikiwa fupi, usilale nyumbani usiku huo.

Hiyo kugandisha na kusubiri ndiyo inayonifikisha kwenye jambo ambalo hasa nilitaka tukae nalo.

Kupandikiza kiinitete kilichogandishwa kumesaidia wengi. China, mwaka 2016, walitangaza utafiti wa wanawake 1,508 wenye PCOS. Waliogandisha kwanza walipata watoto hai kwa asilimia 49.3, waliopandikizwa moja kwa moja, asilimia 42. Ovari kuvimba vibaya kulishuka kutoka asilimia 7.1 hadi 1.3. Habari njema. Lakini ndani ya matokeo hayo hayo kulikuwa na namba nyingine: presha ya ujauzito yenye kuathiri figo na ini, ile inayoweza kufikia kifafa cha mimba, iliwapata asilimia 4.4 ya waliogandisha, na asilimia 1.4 tu ya wengine. Watu wakaanza kujiuliza kwa nini.

Jibu moja liko kwenye homoni zinazotumika kuutayarisha mji wa mimba. Kila mwezi yai linapotoka kwenye ovari, kile kifuko kilichokuwa kimelibeba hakifi mara moja. Hugeuka rangi ya manjano na kuwa tezi ndogo, nami nitaiita hivyo hivyo, tezi ya manjano. Tezi hiyo hutoa projesteroni na estrojeni zinazoishikilia mimba mpaka kondo la nyuma lichukue kazi, karibu mwisho wa mwezi wa pili. Lakini haitoi hizo mbili tu. Hutoa pia relaksini na vitu vingine vinavyoilegeza mishipa ya damu ya mama, moyo wake na figo zake zikajiandaa kubeba mzigo unaokuja.

Katika mzunguko wa asili, au ule wa kupevushwa kidogo kwa letrozoli, mama anatoa yai, tezi ya manjano ipo, na kiinitete kinapandikizwa juu ya matayarisho ya mwili wenyewe. Katika mzunguko wa dawa tupu, mama anapewa estrojeni kwanza, ovari zinatulia, yai halitoki, halafu anaongezewa projesteroni. Kliniki zinaupenda mpango huu kwa sababu siku ya kupandikiza inaweza kupangwa kama daktari anavyotaka. Lakini tezi ya manjano haipo. Ni sawa na kumtuma mtu Kibuye akalete vitu vya mchuzi, akarudi na nyanya na vitunguu tu: mchuzi utapikika, lakini samaki hayumo. Projesteroni na estrojeni tumezinunua. Relaksini hatukuinunua, wala kliniki haina ya kukuuzia.

Mwaka 2019 watafiti wa Marekani waliwafuatilia akina mama waliopandikizwa viinitete vilivyogandishwa. Wale wa mzunguko wa dawa tupu, bila tezi ya manjano, asilimia 12.8 walipata presha hiyo ya hatari. Wale ambao mwili wao ulitoa yai, asilimia 3.9. Mwaka huo huo Uswidi walichambua rekodi zao za uzazi wakaona mwelekeo huo huo wa presha, na pia kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Hizo ni tafiti za kufuatilia tu, na mwanamke anayepewa mzunguko wa dawa mara nyingine ana tofauti zake tangu mwanzo, kwa mfano hedhi isiyotabirika. Hata hivyo mimi nimezalisha akina mama wenye presha, najua inavyoua, na msimamo wangu ni huu: mwanamke mwenye hedhi ya kawaida asiwekwe kwenye mzunguko wa dawa tupu kwa sababu tu ni rahisi kwa ratiba ya kliniki. Nafasi ya kupata mimba kwa njia hizi mbili hazipishani sana. Kinachopishana ni miezi inayofuata. Kama hedhi yako huja kwa wakati, uliza: "Je, naweza kupandikizwa katika mzunguko wangu mwenyewe?" Kama una PCOS, uliza kama letrozoli inaweza kukupevusha yai kwanza. Wapo ambao kweli hawana njia nyingine, kama vile ambaye ovari zake zimeacha kazi na anapokea yai la mwenzake. Kwao mzunguko wa dawa ndio mlango pekee. Hao waingie wakijua wanahitaji kulindwa zaidi.

Na aliye kwenye mzunguko wa dawa tupu anisikilize vizuri hapa. Wewe mimba yako inashikiliwa na projesteroni unayoitumia, na hiyo tu. Huna tezi ya kukuokoa ukisahau. Umepigiwa simu kuna matanga Ugenya, umepanda matatu, dawa imebaki kwenye kabati Nyalenda, mnakaa huko siku nne. Kwa mama mwingine pengine lisingetokea lolote. Kwako mimba inaweza kutoka. Beba dawa. Usiache hadi kliniki ikuambie acha, na kwa kawaida huwa ni karibu wiki ya 10 hadi 12.

Hata njia ya kuingiza projesteroni ina maana. Utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2021 uliwagawa wanawake zaidi ya 1,000 wa mzunguko wa dawa tupu katika makundi matatu. Waliotumia dawa ya kuweka ukeni peke yake walizaa kwa asilimia 27. Waliochomwa sindano ya mafuta kila siku, asilimia 44. Waliotumia ya ukeni pamoja na sindano kila siku ya tatu, asilimia 46. Kundi la kwanza lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu mimba zilizidi kutoka. Sindano ya mafuta inauma, inaacha vinundu matakoni, na nimeona wanawake wakilia kabla hata sindano haijatolewa kwenye karatasi. Mara moja katika siku tatu inavumilika zaidi, na matokeo hayakuwa mabaya kuliko ya kila siku. Hilo ni la kumwambia daktari wako.

Wakati huo huo, projesteroni si dawa ya kila mjamzito. Uingereza, mwaka 2019, wanawake 4,153 waliokuwa wakitokwa damu mwanzoni mwa mimba walipewa projesteroni au dawa isiyo na kitu. Waliozaa walikuwa asilimia 75 na 72; tofauti hiyo ni ndogo mno kuitegemea. Lakini waliokuwa wamepoteza mimba tatu au zaidi hapo nyuma walizaa kwa asilimia 72 dhidi ya 57. Kwao inastahili. Kwa yule ambaye hajawahi kupoteza mimba wala hatokwi damu, hakuna sababu ya kumuuzia.

Nasisitiza kwa sababu dunia imekwisha kufanya vibaya na homoni. Kuanzia miaka ya 1940 wajawazito wa Marekani walipewa estrojeni ya kutengenezwa iitwayo DES ili mimba zisitoke. Mwaka 1953 utafiti uliofanywa Chicago ulionyesha haisaidii. Wakaendelea kuipa. Mwaka 1971 ndipo ilipobainika kwamba mabinti waliokuwa matumboni wakati ule walikuwa wakipata saratani ya uke ambayo ni nadra sana kwa wasichana. Miaka 18 ilipita kati ya kujua kwamba haisaidii na kuisimamisha. Mgonjwa akilia mbele yako unataka kumpa kitu chochote. Mimi nalijua shinikizo hilo, lakini homoni isiyo na kazi iliyothibitishwa haipaswi kuingia kwenye tumbo lenye mtoto.

Sasa ombi langu kwenu, na kwa wauguzi wa zahanati ninaowaona hapa. Siku unapotoka kliniki ya uzazi, usitoke bila barua. Iandikwe dawa zilizotumika kupevusha mayai. Viinitete vingapi vilipandikizwa, vibichi au vilivyogandishwa. Mzunguko ulikuwa wa mwili au wa dawa tupu. Yai lilikuwa lako au la kupokea, maana la kupokea nalo huongeza presha. Projesteroni gani, na mwisho wake lini. Barua hiyo iwekwe ndani ya kitabu cha Mama na Mtoto. Kama nyumbani kuna siri, muuguzi aandike kwa maneno ambayo wauguzi wenzake watayaelewa, na mgonjwa aambiwe hivyo. Mheshimiwa Millie Odhiambo wa Suba Kaskazini, jirani yetu, ameusukuma bungeni mswada wa uzazi wa kusaidiwa kwa zaidi ya miaka 10. Mimi ningependa sheria ya namna hiyo iilazimishe kila kliniki kutoa barua hii. Lakini mimba yako haiwezi kusubiri bunge.

Muuguzi akiijua barua, ana la kufanya. Aspirini ya kiasi kidogo ikianzwa mapema kwa mama aliye katika hatari hupunguza presha ya ujauzito. Katika utafiti mmoja wa mwaka 2017, miligramu 150 kila usiku zilipunguza kwa zaidi ya nusu presha ile inayolazimisha mtoto azaliwe kabla ya wiki 37. Si ya kujinunulia, ni ya kuandikiwa na daktari. Kalsiamu nayo inasaidia kwa wanaoipata kidogo kwenye chakula, na wale omena mnaowaanika Dunga, wakiliwa wazima na mifupa yao, wana kalsiamu nyingi. Presha ipimwe kila mara unapofika kliniki, na mkojo pia, hata kama foleni ni ndefu na umeambiwa uko sawa. Siku ya kujifungua, mahali pawe hospitali yenye damu na chumba cha upasuaji.

Baada ya hotuba maswali yalikuwa mengi, nami nimeyaandika mawili.

Mama mmoja kutoka Luanda aliuliza kuhusu dawa za miti shamba wakati wa sindano. Nilimjibu kwamba simdharau aliyezichemsha, lakini baadhi ya mimea ina vitu vinavyofanya kazi kama estrojeni, na skani ikionyesha jambo la ajabu hatutajua limetoka kwenye chungu au kwenye sindano. Aziweke kando mpaka matibabu yaishe, na amwambie daktari kama alikwisha kunywa.

Dada mwingine alisimama akasema anapandikizwa wiki ijayo, tayari yuko kwenye vidonge vya estrojeni vya mzunguko wa dawa tupu, na sasa amejawa na hofu. Je, aache? Hapana, dada yangu. Usiache kitu chochote kwa sababu ya maneno yangu ya leo. Mpigie daktari wako kesho asubuhi, umuulize kwa nini alichagua njia hiyo. Huenda ana sababu nzuri inayohusu mwili wako, na una haki ya kuisikia. Wengi sana waliopita njia hiyo wamejifungua salama, na baadhi yao nimewazalisha mimi. Ukishapandikizwa, projesteroni usiipoteze hata siku moja. Kliniki ya wajawazito uanze mapema, uulizie aspirini kabla ya wiki ya 16, na barua uidai siku hiyo hiyo ya kupandikizwa, kabla hujashuka kitandani wakakwambia mhusika ameenda mapumziko ya mchana.